Chupa Isiyo na Jogoo: Kisa cha Tignanello

"Kaka, hii ya bei kubwa mbona haina jogoo?"

Aliyeuliza ni kijana ninayemfundisha kazi ya meza katika hoteli moja hapa Malindi. Alikuwa ameshika chupa mbili. Mkono wa kulia Chianti Classico ya kawaida, divai nyekundu ya vilima vya Chianti katika mkoa wa Toscana, Italia, yenye ile chapa ya jogoo mweusi ambayo wageni wetu wa Kitaliano huitambua kabla hawajavaa miwani. Mkono wa kushoto Tignanello, divai nyekundu ya familia ya Antinori, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya ile nyingine. Aliigeuza huku na huku akimtafuta jogoo, asimwone. Alichokuta ni maandishi madogo: Toscana, Indicazione Geografica Tipica, yaani IGT.

Wiki moja kabla nilikuwa nimemkaririsha ngazi za divai za Italia, yaani vyeo ambavyo sheria huipa divai kulingana na eneo na kanuni zake. Juu kabisa DOCG, chini yake DOC, chini tena IGT, na mwisho divai ya meza isiyo na cheo chochote. Sasa ushahidi ulikuwa mikononi mwake kwamba mwalimu wake amekosea, maana ya ngazi ya chini ilikuwa inauzwa ghali kuliko ya juu. Na mchoro wa ramani ukutani ulizidi kumchanganya, kwa sababu shamba la Tignanello lenyewe limo ndani ya mipaka ya Chianti Classico, katika vilima vilivyo kusini mwa Firenze, kati ya mabonde ya mito Greve na Pesa. Ni kama kukuta mtoto aliyezaliwa na kulelewa Malindi, cheti chake kimeandikwa "mtu wa pwani" tu.

Nilimwahidi jibu kamili. Nimeliandika hapa kwa ajili yake na kwa wenzetu wote wanaobeba chupa hizi kila siku bila kuambiwa zilikotoka. Si lazima uwe mnywaji kulifuata. Mimi mwenyewe nyumbani sinywi.

Kanuni ilitoka wapi

Huwezi kuelewa kilichotokea Tignanello bila kwanza kumjua Bettino Ricasoli. Huyu alikuwa mwungwana wa ngome ya Brolio, na alipata kuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili katika miaka ya 1860. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mizabibu. Alijaribu kwa miaka mingi kuchanganya aina za zabibu za kwao, na katika barua yake ya mwaka 1872 akaeleza alichokiona. Sangiovese, zabibu nyekundu, ndiyo inayoipa divai harufu na nguvu. Canaiolo inaipunguzia Sangiovese ukavu wake. Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, inaifanya divai iwe nyepesi na ipendeze kunywewa kila siku ikiwa changa. Kwa divai ya kuwekwa miaka, aliandika, Malvasia yafaa kuachwa.

Hapo pa mwisho ndipo pa kusoma mara mbili. Mwanzilishi mwenyewe alisema zabibu nyeupe haina kazi katika divai ya kukaa. Lakini serikali ya Italia ilipoiandikia Chianti kanuni za DOC mwaka 1967, zabibu nyeupe ziligeuzwa kuwa lazima: zisipungue asilimia 10, na ziliruhusiwa kufika hadi 30. Tena iliingizwa Trebbiano, zabibu nyeupe nyingine, ambayo Ricasoli hakuitaja kabisa katika barua ile. Ushauri wa mtu mmoja, wenye masharti yake, ukawa amri bila masharti.

Kwa nini? Ukiwauliza watu wa divai watakwambia urasimu, na hawakosei. Ila mimi naona pia uchumi wa shamba. Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana yaliendeshwa kwa mezzadria: mwenye ardhi na mkulima wanagawana mavuno nusu kwa nusu. Mkulima wa namna hiyo alipanda mizabibu katikati ya ngano na mizeituni, na alitaka mti unaozaa sana. Trebbiano inazaa sana, na divai iliyotiwa Trebbiano huwahi kuwa tayari, kwa hiyo fedha hazikawii. Mtu mwenye njaa ya msimu huu hawezi kulaumiwa kwa kutofikiria divai ya miaka 20 ijayo. Lakini mwaka 1964 sheria ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria, na wakulima walikuwa tayari wanahamia mijini kwa wingi. Mashamba yakapandwa upya kwa mistari mirefu, na aliyepanda mara nyingi alitazama wingi kuliko ubora. Kanuni ya 1967 ilikuja wakati watu iliowafaa wanaondoka.

Matokeo yake ni ile Chianti ya chupa ya tumbo pana iliyovikwa majani makavu. Rangi hafifu, ladha ya maji, bei ya kutupa.

Familia yenyewe

Antinori, wenye shamba la Tignanello, wako kwenye biashara ya divai tangu mwaka 1385, mwaka ambao Giovanni di Piero Antinori aliingia katika chama cha wafanyabiashara wa divai wa Firenze. Hesabu yao ni vizazi 26. Jumba lao la mjini wanalimiliki tangu mwaka 1506. Ukiisikia orodha hiyo kwa mara ya kwanza unadhani watu hawa ni walinzi wa mila, wa kusema "babu alifanya hivi". Haikuwa hivyo kila mara. Mwaka 1924 Niccolò Antinori aliwaudhi majirani kwa kuchanganya zabibu za Bordeaux, eneo la divai huko Ufaransa, katika divai ya Toscana. Kwa hiyo mwanawe Piero alipokabidhiwa usukani mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 28, alirithi pamoja na mashamba ile tabia ya kutoogopa kusemwa.

Alikuwa na mtu wa kumtegemea, Giacomo Tachis, mtaalamu wa divai kutoka Piemonte aliyejiunga na kampuni mwaka 1961. Tachis naye alikuwa na mwalimu, Émile Peynaud wa Bordeaux, Mfaransa aliyewafundisha watu kuelewa kinachotendeka ndani ya pipa badala ya kubahatisha.

Na kulikuwa na jamaa wa karibu aliyekwisha kuthubutu. Mario Incisa della Rocchetta, aliyemwoa dada wa mama yake Piero, alikuwa amepanda Cabernet, zabibu nyekundu ya Bordeaux, huko Bolgheri karibu na bahari tangu miaka ya 1940. Divai yake, Sassicaia, ilianza kuuzwa na mavuno ya 1968, na wauzaji walikuwa hao hao Antinori. Wengi huziweka Sassicaia na Tignanello kapu moja. Mimi naona tofauti kubwa. Bolgheri wakati ule haikuwa na sifa yoyote ya divai nyekundu, kwa hiyo Incisa hakuwa na cheo cha kupoteza. Piero Antinori alisimama juu ya ardhi yenye jina kubwa kuliko yote katika Toscana, na ilimbidi alivue.

Tusimvike pia taji lisilo lake. Shamba la San Felice lilikuwa limeshatoa Vigorello ya mwaka 1968 bila zabibu nyeupe. Na Cabernet haikuwa mgeni kabisa: huko Carmignano, magharibi mwa Firenze, wakulima walikuwa nayo tangu zamani wakiiita zabibu ya Kifaransa. Kilichofanywa Tignanello ni kuviunganisha hivi vyote katika konde moja na kuvishikilia bila kurudi nyuma.

Walichofanya, mwaka kwa mwaka

Mavuno ya 1970 yalitolewa bado kwa jina la zamani: Chianti Classico Riserva, kutoka konde la Tignanello. Ndani yake mlikuwa na Sangiovese, Canaiolo, na zabibu nyeupe kidogo. Kipya kilikuwa kwamba zabibu zote zimetoka konde moja, na kwamba divai ilikaa katika mapipa madogo.

Mapipa hayo yanahitaji maelezo, maana ndiyo nusu ya kisa. Pipa la kizamani la Chianti lilikuwa kubwa kama chumba, la maelfu ya lita, na mara nyingi lilitumika miaka mpaka mbao zake zikawa hazina la kusema. Pipa la Bordeaux lina lita 225, la mti wa mwaloni. Katika pipa dogo divai inagusana zaidi na mbao, na hewa inapenya kidogo kidogo. Tanini, ile inayokausha ulimi kama chai iliyokolea bila maziwa, inalainika, na rangi inashika. Sangiovese ina uchachu mwingi, na rangi yake si nzito. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ingelivumilia pipa la namna hiyo. Ilivumilia.

Peynaud aliwahimiza pia wasiuache mchachuko wa pili ujiendee wenyewe. Baada ya sukari kugeuka kileo, divai nyekundu hupitia badiliko jingine: bakteria huibadilisha asidi kali, ya jamii ile iliyo katika tufaha bichi, iwe asidi ya upole kama ya maziwa ya mgando. Lisipokamilika pipani, laweza kuanza tena ndani ya chupa, na hapo divai inaharibika mezani kwa mgeni. Kulidhibiti jambo hili kulileta faida kubwa, ingawa halimo kwenye hadithi wanazosimuliwa watalii.

Mwaka 1971 ndio uliokata kauli. Divai ilitoka ikiitwa Tignanello peke yake, na cheo chake kikawa divai ya meza. Kwa mujibu wa sheria, ilikuwa daraja moja na divai ya jagi inayouzwa kwa lita sokoni.

Baada ya hapo kukawa kimya. Mwaka 1972 hawakutoa. 1973 hawakutoa. 1974 hawakutoa. Walirudi na mavuno ya 1975, na hapo ndipo zabibu nyeupe zilipoondolewa kabisa. Wengi husimulia kana kwamba yote yalifanyika siku moja mwaka 1971. Ukweli ni kwamba walifika kwa hatua. Mwaka 1976 wakanyamaza tena.

Hesabu pamoja nami. Kuanzia 1971 hadi 1976 ni misimu sita. Waliitoa mara mbili. Umejivua jina ulilorithi, majirani wanakutazama, wanunuzi hawajui wakuweke rafu gani, halafu bidhaa yenyewe haionekani sokoni miaka mitatu mfululizo. Kila nikifika hapa ninapofundisha, nanyamaza kidogo ili vijana wapime uzito wake. Kampuni ya wenye hisa wanaosubiri gawio kila mwisho wa mwaka ingemfukuza meneja wa namna hiyo kabla ya mavuno ya tatu.

Kuanzia 1982 mchanganyiko ukatulia: Sangiovese karibu asilimia 80, Cabernet Sauvignon 15, Cabernet Franc 5, na ndivyo ulivyo kwa makadirio hadi leo. Waliruka tena miaka ya 1984, 1992 na 2002.

Kwa nini mchanganyiko huo unasimama

Sangiovese ina ganda jembamba na hukawia kuiva. Harufu yake ni ya cheri mbichi, na uchachu wake unaamsha mate, ndiyo maana inakaa vizuri na nyama ya kuchoma. Udhaifu wake uko katikati: unahisi mwanzo, unahisi mwisho, katikati pana pengo. Cabernet Sauvignon ina ganda nene, rangi nzito na tanini nyingi, nayo inaziba pengo lile. Cabernet Franc inaongeza harufu ya majani mabichi na viungo. Ukizidisha Cabernet, inammeza mwenyeji, na divai itakuwa ya popote. Asilimia 20 ndipo walipoona mwenyeji bado anasikika.

Ushahidi wa kwamba kipimo hicho hakikuwa bahati uko katika shamba hilo hilo. Kwenye konde jirani la Solaia, mwaka 1978 walijikuta na Cabernet kuliko waliyoihitaji Tignanello. Hawakuibwaga yote ndani kwa kuwa ipo. Waliitengenezea divai yake, iliyopewa jina la konde, na leo Solaia inaheshimiwa sawasawa na nduguye.

Konde la Tignanello lenyewe ni hekta 57, kwenye mwinuko wa mita 350 hadi 400. Lipo jambo moja la pale ninalopenda kulisimulia kuliko yote. Walipopanda upya sehemu ya mizabibu, udongo ulitoa mawe makubwa meupe ya chokaa ambayo wenyeji huyaita alberese. Mkulima mwingine angeyasomba kwa lori akayatupa. Wao waliyasaga wakayarudisha chini ya mizabibu, mstari kwa mstari, yakawa kama zulia jeupe. Mchana jua linapiga juu, linarudi kutoka chini, na vichala vinapata mwanga pande zote mbili. Kwa zabibu inayokawia kuiva, mwanga huo wa ziada ni msaada mkubwa.

Je, ni kwa sababu ni mali ya familia?

Hili ndilo swali ambalo kisa hiki kinaulizwa zaidi, na wengi hulijibu haraka mno.

Ndiyo, kwa sehemu. Uamuzi wa 1971 na ukimya uliofuata ulihitaji mwenye mali asiyelazimika kumweleza mtu. Piero hakupigiwa simu na benki ya mtu mwingine akiulizwa kwa nini amekataa mavuno. Na jina la familia liliwekwa rehani: cheo cha serikali kilipoondoka, kilichobaki kwenye lebo cha kumshawishi mnunuzi kilikuwa Antinori. Jina la miaka 600 lilifanya kazi ya muhuri.

Lakini uvumilivu ule uligharimiwa. Antinori walikuwa na divai nyingine za kuuza, pamoja na Castello della Sala kule Umbria waliyoinunua mwaka 1940. Mkulima mwenye hekta mbili katika kilima cha jirani, hata kama angekuwa na ulimi bora kuliko Tachis, asingeweza kuyakataa mavuno matatu na watoto wakala. Tunapowasifu Antinori tusiseme kimya kimya kwamba waliobaki ndani ya kanuni walikuwa waoga. Wengine hawakuwa na njia.

Wala umiliki wa familia haukuwa ngome isiyovunjika. Katika miaka ya 1980 sehemu ya hisa iliangukia mikononi mwa Whitbread, kampuni ya bia ya Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Piero alizinunua tena, mali ikarudi nyumbani. Leo kampuni inaongozwa na binti yake mkubwa, Albiera, akiwa pamoja na wadogo zake Allegra na Alessia. Katika ukoo uliohesabu karne kwa majina ya wanaume, sasa usukani uko kwa mabinti watatu. Nimewahi kumhudumia mama mmoja wa Kitaliano aliyenisimulia jambo hilo kwa furaha iliyozidi furaha yake kwa divai yenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: umiliki uliwapa nafasi, lakini nafasi haikutosha. Familia nyingi za Toscana zilikuwa na ardhi na majina. Hawa walikuwa pia na Tachis aliyejua afanyalo, na mwenye mali aliyekubali kumsikiliza mwajiriwa wake. Mara ngapi tumeona biashara ya ukoo ikifa kwa sababu mwenye jina hataki kuambiwa na mwenye ujuzi?

Sheria inakuja nyuma

Waandishi wa Kiingereza wakaziita divai hizi Super Tuscan, nazo zikaongezeka. Montevertine ya Sergio Manetti ilitoa Le Pergole Torte kwa mavuno ya 1977, Sangiovese tupu, bila Cabernet hata tone. Ikawa aibu kwa wenye kanuni: divai bora za mkoa zilikuwa hazina cheo.

Mabadiliko yakaanza. Mwaka 1984 Chianti ilipandishwa kuwa DOCG, na kiwango cha lazima cha zabibu nyeupe katika Chianti Classico kikashuka hadi asilimia 2. Sheria ya mwaka 1992 ikaunda ngazi ya IGT, na divai za aina ya Tignanello zikapata pa kukaa. Mwaka 1996 Chianti Classico ikaruhusiwa kuwa Sangiovese peke yake. Na kuanzia mavuno ya 2006, zabibu nyeupe, zile zilizokuwa amri, zikapigwa marufuku kabisa.

Kulikuwa na hasara pia. Wengi walioiga walichukua Cabernet na pipa jipya wakaiacha Sangiovese. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kazi kutofautisha divai ya Toscana na ya kwingineko. Zote zilinuka vanila na mbao. Kosa hilo siwezi kuwabebesha Tignanello, ambao asilimia 80 yao haikuwahi kuondoka nyumbani.

Nilipofika hapa katika maelezo yangu, kijana wangu alikuwa amekaa juu ya kreti, chupa mbili zimesimama sakafuni mbele yake. Nikamwambia tazama kanuni ya leo: Chianti Classico iwe na Sangiovese isiyopungua asilimia 80, na zilizobaki ziwe nyekundu nyingine zilizoruhusiwa, Cabernet ikiwemo.

Akahesabu kwa vidole. Themanini, kumi na tano, tano.

"Kwa hiyo siku hizi zabibu zao zinakubalika. Wakitaka jogoo wanapata?"

"Kwa hesabu ya zabibu, wanapata."

"Na hawajamchukua."

"Bado wanaandika Toscana."

Jioni ile mezani palikuwa na wazee wawili, mume na mke, walioagiza Tignanello. Joto la Malindi si la kuachia divai nyekundu mezani, kwa hiyo alikuwa ameiweka mahali pa baridi mapema, kiasi cha nyuzi 17. Akaionyesha lebo kwanza, kidole chini ya neno Toscana. Akakata karatasi ya shingoni chini ya ukingo, akaifuta midomo ya chupa, akazungusha skrubu taratibu mpaka kizibo kikatoka bila mlio. Mzee akanusa, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Mke wake akamuuliza kijana kwa Kiitaliano kama anaijua divai hii.

Akasema ndiyo, anaijua, kisha akaanza kumweleza habari za mawe meupe.